Walter Tull: kabla ya vita kumchukua, mpira wake ulishakatwa mara moja

Swali limetoka kwa kijana mmoja wa Iringa, nalifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Nina miaka 22, nacheza daraja la pili huku kwetu. Nimeona picha ya mchezaji mweusi wa zamani kavaa magwanda ya jeshi la Uingereza, wameandika ni Walter Tull wa Tottenham, mchezaji wa kwanza mweusi Uingereza na ofisa wa kwanza mweusi, vita vikamkatisha mpira. Ni kweli wa kwanza? Alilazimishwa kwenda vitani au alijipeleka mwenyewe, maana mimi nikipata mkataba Tottenham siachi kwa sababu yoyote. Na bila vita angefika wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Swali lako nimekaa nalo siku mbili maana huyu jamaa nimemfuatilia miaka mingi, na kila nikiona ile picha inazunguka na maelezo mafupi vile huwa inaniuma, kwa sababu maelezo yanaruka katikati ya maisha yake. Yanatoka Tottenham moja kwa moja mpaka kwenye mahandaki, kana kwamba vita ilipolipuka alikuwa bado anacheza White Hart Lane, uwanja wa Tottenham. Sivyo. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza Agosti 1914 Tull alikuwa Northampton, kwenye ligi ya chini, na kilichomtoa Tottenham hakikuwa bunduki.

Tuanze nyumbani kwao. Kazaliwa Folkestone, mji wa bandari kule Kent, tarehe 28 Aprili 1888. Baba yake Daniel alikuwa fundi seremala kutoka Barbados, mtoto wa watu waliozaliwa utumwani, na mama yake Alice alikuwa Mwingereza wa hapohapo Kent. Mama akafariki 1895 Walter ana miaka saba, baba akaoa tena, alafu mwaka 1897 baba naye akafariki. Mama wa kambo akabaki na watoto wengi bila kipato, ikabidi wavulana wawili, Edward na Walter, wapelekwe kwenye kituo cha yatima cha Wamethodisti, Bethnal Green, London mashariki. Kituo kilikuwa na kwaya ya watoto inayozunguka miji kuimba ili kuchangisha pesa, na katika safari hizo familia moja ya Glasgow ikampenda Edward ikamchukua kumlea. Walter akabaki peke yake. Edward alisoma mpaka akawa daktari wa meno huko Glasgow, na undugu wao haukukatika. Hilo la Edward liweke akilini.

Walter pale kituoni akafundishwa kazi ya uchapaji, na mpira alikuwa anacheza timu ya kituo. Mwaka 1908 akaingia Clapton, timu ya ridhaa, msimu uleule wakabeba vikombe, pamoja na Kombe la FA la timu za ridhaa. Tottenham wakamwona, wakamchukua kwenye ziara yao ya Argentina na Uruguay mwaka 1909, wakarudi wakamsajili kama mchezaji wa kulipwa. Kumbuka Tottenham ndio kwanza walikuwa wamepanda daraja la juu. Kijana wa miaka 21, yatima, mchapaji, kaingia ligi kuu ya Uingereza. Mechi ya kwanza Septemba 1909 ugenini kwa Sunderland, alafu siku chache baadaye akacheza nyumbani dhidi ya Manchester United mbele ya watu zaidi ya 30,000. Alikuwa anacheza mshambuliaji wa ndani, yule anayechezea nyuma kidogo ya straika, hana mbio sana ila ana utulivu na pasi yake inafika, na magazeti ya wakati ule yalimsifia hasa kwa hilo la utulivu.

Sasa hapo kwenye "wa kwanza". Hapana, sio wa kwanza. Arthur Wharton, mzaliwa wa Accra, golikipa, alishalipwa kucheza mpira Uingereza tangu miaka ya 1880, Tull akiwa hata hajazaliwa au ananyonya. Tull ni mmoja wa wachache sana wa mwanzo, na hiyo inatosha, hakuna haja ya kumnyang'anya Wharton cha kwake ili tumpe Tull.

Alafu ikaja Bristol. Oktoba 1909, hata mwezi na nusu haujaisha tangu acheze mechi ya kwanza, Tottenham wameenda kucheza na Bristol City na kikundi cha mashabiki wakamshukia Tull kwa matusi ya rangi, na haikuwa mtu mmoja karopoka mara moja, yalikuwa matusi mazito kiasi kwamba mwandishi wa gazeti la michezo aliyekuwepo uwanjani aliacha kuandika mechi akaandika kuhusu hao watu. Akawaita wahuni, akasema Tull kwa tabia na uchezaji ni mfano wa kuigwa na wachezaji weupe wote, tena akasema ndiye alikuwa mshambuliaji bora siku ile. Soma hapo vizuri. Mtu anatukanwa na uwanja na bado ndiye bora uwanjani.

Ungetegemea timu yake imshike mkono. Badala yake baada ya muda si mrefu akaanza kupotea kikosini. Msimu ule mechi saba za ligi, msimu uliofuata mechi tatu, basi, jumla mechi 10 na mabao 2 katika daraja la juu, muda mwingine wote yuko kikosi cha akiba. Mimi nikiweka tarehe ya Bristol pembeni ya hiyo orodha ya mechi siwezi kuamini kwamba kilichomshusha ni kiwango. Mchezaji anayesifiwa na magazeti mwezi wa tisa hashuki kiwango mwezi wa kumi na moja akiwa na miaka 21. Huo ndio mkato wa kwanza ninaousema, na huo haukuletwa na Mjerumani.

Oktoba 1911 Northampton Town wakamchukua, timu ya Southern League, na aliyemtaka ni kocha kijana anaitwa Herbert Chapman. Kama jina unalijua, ndiyo huyohuyo, aliyekuja kuipa Huddersfield ubingwa 1924 na 1925 alafu akaenda kuijenga Arsenal ikabeba 1931 na 1933. Chapman hakuwa mtu wa kusajili kwa huruma. Northampton Tull akatulia, baadaye wakamrudisha nyuma kidogo acheze kiungo wa pembeni, na akacheza mechi zaidi ya 100 za kikosi cha kwanza. Kwa hiyo mwaka 1914 unapomkuta ana miaka 26, ana timu inayompenda na namba ya uhakika. Kwenye mpira hiyo miaka 26 mpaka 30 ndiyo mavuno, wewe mwenyewe una 22 unajua unaisubiri.

Sasa swali lako la kulazimishwa, hapa nitakaa kidogo maana watu wengi hawaelewi mambo yalivyokuwa.

Kisheria hakulazimishwa. Sheria ya kuandikisha watu jeshini kwa lazima Uingereza ilipita Januari 1916, Tull alijiandikisha tarehe 21 Desemba 1914, zaidi ya mwaka mzima kabla. Ila usifikirie alikuwa amekaa kibarazani akaamua tu. Vita ilipoanza ligi haikusimama, msimu wa 1914-15 ulichezwa mpaka mwisho, na kila Jumamosi viwanja vinajaa wakati majeruhi wanarudi kutoka Ufaransa. Watu wakubwa, wabunge, mapadri, wahariri wa magazeti wakaanza kuwasema wachezaji kwamba hawa vijana wana afya kuliko taifa zima na wanalipwa kufukuza mpira. Mchezaji wa kulipwa alikuwa na mkataba na klabu yake, hawezi kuondoka kirahisi, lakini nani anasikiliza habari ya mkataba wakati huo. Kule Edinburgh timu ya Hearts ilikuwa inaongoza ligi ya Uskoti na mtu akaandika barua gazetini akitaka timu ibadilishwe jina iitwe Manyoya Meupe, na unyoya mweupe kwa wale watu ni kumwambia mwanaume hadharani kwamba wewe ni mwoga. Novemba 1914 wachezaji 11 wa Hearts wakaenda kujiandikisha kwa pamoja. Ubingwa wakaukosa, ukaenda Celtic, na wachezaji saba wa kikosi cha kwanza hawakutoka hai kwenye ile vita, watatu wakiuawa siku moja, tarehe 1 Julai 1916, siku ya kwanza ya mapigano makubwa ya Somme, Ufaransa.

England wakaunda kikosi chao. Tarehe 15 Desemba 1914 ukafanyika mkutano ukumbi wa Fulham, London, ndipo ikazaliwa Batalioni ya 17 ya Middlesex, watu wakaiita Batalioni ya Wanasoka. Siku ile walijitokeza wachezaji 35 tu, wa kwanza Fred Parker nahodha wa Clapton Orient, na timu yake ndiyo iliyotoa wengi kuliko nyingine zote. Makubaliano yalikuwa mwanajeshi mchezaji anaruhusiwa Jumamosi kwenda kuchezea klabu yake mpaka msimu uishe. Siku sita baadaye akaja Tull, wa kwanza kutoka Northampton.

Ukitaka kupima alichoacha angalia pesa. Kiwango cha juu cha mshahara wa mwanasoka kilikuwa paundi 4 kwa wiki, yaani shilingi 80 za wakati ule, waliotumikia klabu muda mrefu waliruhusiwa kufika 5. Askari wa kawaida alianza na shilingi 1 kwa siku, saba kwa wiki. Kwa hiyo wewe unayesema huwezi kuacha mkataba, nakuelewa kabisa, na wengi wao waliwaza hivyohivyo ndiyo maana siku ya kwanza walifika 35. Sikulaumu wala siwalaumu wao. Ila pia jua kwamba hata angebaki, mshahara usingebaki. Msimu ulipoisha Aprili 1915 ligi ikafungwa, na msimu uliofuata FA ikapiga marufuku kabisa kuwalipa wachezaji. Mikataba ile ikabaki karatasi. Ligi ilirudi Agosti 1919.

Batalioni ikavuka kwenda Ufaransa Novemba 1915. Tull alikuwa ameshapandishwa vyeo mpaka usajenti, na nyuma ya mstari walikuwa wanacheza mechi, hao jamaa walizifunga timu nyingi za vikosi vingine, unategemea nini, timu ina wachezaji wa ligi kuu. Lakini mahandaki hayajali umecheza wapi. Mei 1916 Tull akarudishwa nyumbani akiwa amevurugika akili kwa mabomu, ugonjwa ambao jeshi wakati ule hata jina zuri halikuwa nalo, waliandika kama kichaa cha ghafla. Hii habari kwenye mabango haiwekwi na mimi naona ndiyo inayomfanya mtu. Alipona, na vuli ileile ya 1916 akarudi, akaikuta Somme inaendelea na wenzake wengi wameshaenda. Kwa hesabu ya vita nzima kwenye ile batalioni walikufa zaidi ya 900.

Baada ya hapo likatokea jambo ambalo kwa kanuni halikutakiwa kutokea. Kitabu cha sheria za jeshi la Uingereza cha 1914 kilisema ofisa awe mtu wa asili ya Ulaya. Mtu mweusi angeweza kuwa askari, lakini hawezi kuamrisha Waingereza weupe. Wakubwa wake Tull waliokaa naye kwenye matope wakampendekeza hivyohivyo, akapelekwa kwenye mafunzo ya uofisa Gailes, Uskoti, na tarehe 30 Mei 1917 akatoka luteni usu. Wanahistoria wamepata wengine wachache weusi waliopita kwenye tundu hilohilo, kwa hiyo hapa napo "wa kwanza" tuiache, tuseme ni mmoja wa maofisa weusi wa mwanzo kabisa kuongoza askari weupe vitani katika jeshi lile. Na sisi huku tunajua kanuni ile ilikuwa na maana gani, maana vita ilikuwa hiyohiyo. Mwezi mmoja na nusu kabla Tull hajajiandikisha Waingereza walipigwa Tanga, Novemba 1914, na mababu zetu wakabebeshwa mizigo ya jeshi kwa maelfu kwa maelfu mpaka jina la Kariakoo limebaki pale Dar kutokana na hicho kikosi cha wabebaji. Mweusi alikuwa wa kubeba. Na huku Ulaya kijana wa seremala wa Barbados anasimama mbele ya Waingereza weupe anawaambia twendeni, nao wanaenda.

Walienda kweli. Mwishoni mwa 1917 batalioni yake mpya, ya 23 ya Middlesex, nayo ya wanasoka, ilipelekwa Italia kwenye mto Piave. Piave wakati wa baridi ni mto wa milimani, maji yanakimbia kwa kasi na ni baridi inayokata, umegawanyika vijito vijito juu ya kokoto, na ng'ambo ndiko adui. Usiku Tull akavusha watu 26, wakapita maji hayo gizani, wakaingia upande wa adui, na akawarudisha wote 26 salama bila hata mmoja kujeruhiwa. Meja Jenerali Sydney Lawford akamtaja rasmi kwa ushujaa na utulivu. Utulivu tena! Neno lilelile waandishi wa mpira walilomsifia mwaka 1909 akiwa na jezi nyeupe ya Tottenham. Mimi kila nikifika hapo huwa nasimama kidogo.

Machi 1918 wakarudishwa Ufaransa, na tarehe 21 Wajerumani wakaanzisha shambulio lao kubwa la mwisho. Waingereza wakawa wanarudi nyuma siku hadi siku. Tarehe 25 Machi, karibu na kijiji cha Favreuil, Tull akapigwa risasi. Askari mmoja, Tom Billingham, ambaye kabla ya vita alikuwa golikipa wa Leicester Fosse, akajaribu kumburuta atoke naye huku risasi zinapita na Wajerumani wanasogea, akashindwa, ikabidi amwache. Mwili haukupatikana tena. Alibakiza mwezi mmoja na siku chache atimize miaka 30. Taarifa ikaenda Glasgow kwa Edward, yule kaka niliyekuambia umweke akilini, ndiye aliyeingia naye kituo cha yatima.

Sasa angefika wapi bila vita. Hesabu ya miaka ni rahisi, ligi iliporudi Agosti 1919 angekuwa na miaka 31, kiungo mtulivu wa aina yake angecheza misimu mitatu minne bado, na Northampton wenyewe mwaka 1920 waliingia Ligi ya England kupitia daraja la tatu jipya, kwa hiyo angekuwa mkongwe wa timu kwenye msimu ule. Ukocha pia naona angeuweza, mtu aliyecheza chini ya Chapman na akaongoza watu usiku ng'ambo ya Piave hashindwi chumba cha kubadilishia nguo. Frank Buckley waliyekuwa naye batalioni ya 17 alipigwa vipande vya bomu Agosti 1916 vikamwingia mapafuni, lakini alibaki hai akaja kuwa kocha mkubwa wa Wolves. Tofauti ya Buckley na Tull ni bahati ya kipande cha chuma. Lakini kurudi daraja la juu kama mchezaji sidhani, na hapo ndipo napotaka unielewe: mlango ule ulifungwa 1909 na 1910, na ulifungwa na watu waliolipa kiingilio na watu waliopanga kikosi. Tukisema vita ndiyo ilimkatisha mpira tunawasamehe wale wa Bristol na tunaisamehe klabu iliyomficha akiba. Vita ilimkatisha maisha. Mpira ilimkatisha ule aliokuwa ameujenga upya mwenyewe Northampton, na huo nao ulikuwa mpira halali wa mtu mzima, usiudharau kwa sababu haukuwa Tottenham.

Na kwa kuwa umeuliza, basi usiishie kwa Tull peke yake, wako wengi. Donald Bell wa Bradford Park Avenue aliomba klabu imwachie mkataba akajiandikishe 1914, akatunukiwa Victoria Cross, medali ya juu kabisa ya ushujaa Uingereza, kwa alichofanya tarehe 5 Julai 1916, lakini tarehe 10 akauawa hata medali hajaishika. Jimmy Speirs, nahodha wa Bradford City aliyefunga bao la Kombe la FA 1911, akafia Ubelgiji Agosti 1917.

Tull kaburi hana, nadhani hilo nalo utauliza. Pale uwanja wa Northampton, Sixfields, kuna mnara wake tangu 1999. Na kule Arras kaskazini mwa Ufaransa kuna kuta za mawe zenye majina ya wasiopatikana, karibu 35,000, jina lake liko upande wa Kikosi cha Middlesex, limeandikwa kwa cheo chake. Kwenye kuta hizohizo liko jina la Sandy Turnbull wa Manchester United, aliyefunga bao la ushindi fainali ya Kombe la FA 1909, Aprili ya mwaka uleule ambao Septemba yake Tull alicheza na hiyo Manchester United nyumbani kwa Tottenham mbele ya watu 30,000.